Siku Niliyowasimamisha Watu Sitini Malishoni

Haya, mashoga zangu. Tangu nirudi kila mmoja wenu kanipigia simu, na kila mmoja anauliza suali lile lile kwa sauti ya chini: "Bi Rayya, ati kweli ulikwenda kwa wanaoabudu mizimu?" Zuwena hata hakuuliza, alinitumia Ayatul Kursiyyu mara tatu. Basi nimechoka kusimulia vipande vipande. Nnaandika mara moja, mtasoma nyote, na atakayeniuliza tena namkatia simu.

Ya viza na tikti siyasemi, alishughulika nayo mwanangu Nasra. Ya kurudi pia siyasemi, maana nililala njia nzima mdomo wazi. Ntasema ya kwenda, na ya kule.

Wale mliokuwa mkija kwangu nilipokuwa nakaa Madinat Sultan Qaboos, hapa hapa Maskati, mnamkumbuka Heike. Wengine hamkumwahi. Ni Mjerumani, mumewe Jürgen alikuwa mhandisi wa maji, na kwa miaka kumi na moja nyumba yao na yangu zilitengwa na ukuta mmoja unaofika kifuani. Kiarabu kilimshinda. Kiswahili alikipata kwangu, juu ya ukuta ule, tukipeana vyombo na maneno, mpaka akawa anasema kama mtu wa Ng'ambo, Unguja. Ukimsikia bila ya kumuona utadhani shangazi yako.

Tuligombana miaka saba iliyopita, na kosa langu. Siku moja alinionesha pembe ya chumba chake: mshumaa, jiwe la kwao, picha ya bibi yake, na kikombe cha maziwa. Akanambia yeye na wenzake wamerejea dini ya kale ya Wajerumani, ya kabla ya Ukristo, na huwaheshimu miungu ya zamani na wazee waliotangulia. Alinambia kama mtu anavyomwambia ndugu yake siri. Mie nikasimama nikamwambia, "Kumbe miaka yote nakula kwenye nyumba ya masanamu!" Nikatoka. Sikurudi tena. Miezi mitatu baadaye wakahama.

Mwaka huu, Mei, simu ikalia. Ujumbe wa Heike, bila salamu, bila kuniita shoga: "Rayya. Jürgen kafariki mwaka juzi. Katikati ya kiangazi sisi hukusanyika, na kila aliyefiwa hulitaja jina la mtu wake mbele ya watu. Mwaka jana nilisimama nikashindwa. Yeye hakuwa akija, na huku hapana hata mmoja aliyemjua. Mwaka huu sitaki kushindwa. Njoo unisimamie."

Nikaisoma jikoni, kitunguu kinaungua. Mume wangu Hilal akaja kufuata harufu. Nikamsomea. Akazima jiko, akasema, "Ulimtukana kwa mdomo, kamwombe radhi kwa mdomo. Simu haina mdomo."

Akenda zake kusali. Ndio ruhusa hiyo.

Amerat mpaka uwanja wa ndege

Mnajua Juni yetu. Saa tatu za asubuhi usukani haushikiki kwa joto. Nasra alinipeleka yeye, na tangu tunatoka Amerat mpaka tumemaliza kuteremka kilima alikuwa ananihutubia.

"Mama, nimesoma. Wako watu kule wanaojificha nyuma ya hiyo miungu ya kale ili wachukie wageni. Wewe unakwenda na buibui lako katikati yao."

"Heike si mtu wa hivyo."

"Hujamuona miaka saba."

"Mtu hageuki hivyo."

"Wewe si uligeuka kwa siku moja?"

Nilitaka kumpiga kofi, lakini alikuwa anaendesha gari. Tena alikuwa kasema kweli. Nikahesabu vitu vyangu: halua ya Mutrah makopo mawili, kahawa, ndimu kavu, na ubani mweupe nilioufunga ndani ya soksi usije ukamwagika. Khofu nilikuwa nayo, sitawadanganya.

Ndege ikacheleweshwa kwa muda wa saa nne. Nikakaa karibu na pahala pa kuuzia kahawa, na msichana aliyekuwa anauza ni Mkenya, jina lake Mercy. Aliponisikia nagombana na Nasra kwenye simu akaja na glasi ya maji bila ya kuombwa.

"Mamaa, kumbe unaongea Kiswahili! Hicho chako ni kile cha vitabu."

"Hichi cha mama yangu, mwanangu. Vitabu vimetufuata sisi."

Akacheka mpaka akashika kaunta. Wateja walikuwa hawapo, akaketi, na mie mdomo wangu mnaujua, nikamueleza kila kitu. Nilidhani Mkristo mzuri kama yule, msalaba shingoni, atanambia nirudi nyumbani. Akanambia hivi:

"Shosho yangu, nyanya aliyenilea, alikuwa mtu wa kanisa kabisa. Lakini kabla anywe uji, alikuwa anamwaga kidogo hapo chini kwa ajili ya wazee wa kitambo. Hakuna mtu alimwita mchawi. Alikuwa anawakumbuka tu. Sasa huyo rafiki yako, amekukosea nini?"

"Hajanikosea kitu."

"Na ni wewe ulimkosea?"

"Ni mie."

"Aki mamaa, basi panda ndege."

Nikapanda.

Frankfurt, na treni iliyokatika vipande viwili

Frankfurt walinifungulia sanduku. Afisa kijana, mwanamke, akaishika soksi ya ubani kwa vidole viwili kama panya aliyekufa. Nikamwambia kwa Kiingereza ni harufu nzuri ya nyumba. Akanusa, uso ukambadilika, akanusa tena, akamwita mwenzake naye anuse. Wakanirudishia kwa mikono miwili. Kopo la halua nalo wakaliuliza, nikawaonjesha, na nadhani mpaka leo wanajiuliza walikula nini.

Sasa treni. Nasra alinambia Wajerumani wana nidhamu, treni yao inatia aibu saa. Uongo mtupu! Ya kwanza ilichelewa dakika hamsini, ya pili haikuja kabisa, na ya tatu ilipokuja nikaipanda mbio, nikakaa pazuri dirishani, nikafurahi. Hapana aliyenambia kuwa treni za huko hukatwa njiani. Nusu ya mbele inakwenda kwengine na nusu ya nyuma inakwenda kwengine, na wenyeji wote wanajua, wamekaa kila mtu nusu yake. Walikuwa wametangaza kwa Kijerumani. Mie nilikuwa nakula zabibu.

Mbele yangu alikaa mzee mmoja na baiskeli yake, kavaa kofia ya kuendeshea humo humo ndani ya treni. Nikamtolea halua. Akasema hapana, ahsante. Sisi tunajua, mtu akisema la mara ya kwanza hajasema kitu. Nikamsogezea. Akasema hapana. Nikamuwekea kipande kwenye kitambaa juu ya goti. Maskini mzee wa watu, alidhani ndio sheria, akala. Kilipokwisha nikamuwekea cha pili, maana kwetu sahani ikiwa tupu mtu bado ana njaa. Akala na hicho, jasho linamtoka. Alipofika cha nne akainua mikono miwili juu kama aliyetekwa. Ndipo nilipofahamu kuwa yule bwana alisema hapana tangu mwanzo, na alikuwa anakusudia hapana.

Tukacheka sote wawili. Nikamuonesha karatasi yenye jina la kituo changu, akaacha kucheka. Akaniashiria kwa mikono: treni hivi, imekatika hivi, wewe uko huku, unakotaka ni kule.

Akateremka na mie kituo kinachofuata, na si kituo chake. Akabeba sanduku langu juu ya kiti cha baiskeli, akanivusha njia ya chini kwa chini, akasimama na mie saa nzima tukingoja treni ya kurudi nyuma. Kiingereza chake maneno kumi, changu hakifai kwa mazungumzo ya mimea, na yeye alitaka kuzungumza mimea tu. Alinunua cheri, tukala, tukatema kokwa kwenye mfuko wa karatasi. Treni ilipokuja akaniandikia namba ya behewa mkononi kwa kalamu. Jina lake sikulijua. Mungu amlipe kheri.

Kwa Heike

Kijiji jina lake silitaji, maana wenyewe hawapendi watu waje kuwapiga picha. Ni milima ya kijani na misitu myeusi, na Heike kasimama kituoni, mvi kichwa kizima. Nilikuwa nimejitayarisha kumkumbatia. Akanipa mkono.

"Umechelewa saa tano," akasema.

"Treni ilikatika."

"Hukusikiliza tangazo." Akachukua sanduku, akatangulia.

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu tangu Amerat. Nikasema ntayasema garini. Garini akawasha redio. Nikasema ntayasema mezani. Mezani akanipikia samaki wa mtoni na viazi, akanambia sufuria ni mpya, haijagusa nguruwe, na kisu pia kipya. Nikamtazama nikaona aibu. Kila nikifungua mdomo yeye anataja viazi. Viazi vya mwaka huu, viazi vya mwaka jana, viazi vya jirani.

Na jua lile halitui! Nilikaa na udhu wangu, natazama dirishani, saa mbili, saa mbili na nusu, jua liko tu juu ya miti linanitazama. Magharibi iliingia saa nne kasoro robo. Nikamuuliza Heike kibla kiko wapi, akanionesha bila kufikiri. Alikuwa kakitafuta kabla sijafika, kakiwekea alama kwa chaki sakafuni.

Mtu kakuwekea alama ya kibla lakini hakuiti shoga. Nikalala nikiwa sielewi nimesamehewa au la.

Malishoni

Siku ya pili baada ya adhuhuri tukenda. Ni uwanja wa malisho, msitu nyuma yake, na mahema kama ishirini. Nilitarajia nini sijui. Mafuvu labda. Nikakuta kina mama wanamenya viazi, wanaume wanagombania namna ya kuwasha kuni, mabinti wanasuka mataji ya maua. Kuni zimepangwa ndefu kuliko mtu, maana siku ile ndiyo mchana mrefu kuliko yote ya mwaka, na wao hulishukuru jua kwa moto. Kando yake gogo lililosimamishwa, limechongwa uso na ndevu. Nikalisomea Kul huwallahu kimoyomoyo, nikaendelea kutembea.

Na buibui langu? Watu walinitazama, ndiyo, kama tunavyomtazama mgeni sote. Mwanamke mmoja akanivisha taji la maua juu ya mtandio. Pale pa kuingilia palikuwa na ubao, na Heike akanisomea: anayetumia wazee wake kumchukia mtu wa rangi nyengine au kabila jengine asiingie, hatumtaki. Nikapiga picha ubao nikampelekea Nasra. Akanijibu kidole gumba.

Mkubwa wa shughuli ni Bernd, jitu la ndevu, shati la kitani la kizamani na kandambili za plastiki za buluu. Kazi yake fundi wa mabomba. Nikamwambia kwa Kiingereza mapema, nisije nikafahamika vibaya: mimi Muislamu, nimekuja kwa ajili ya Heike, miungu yenu sitaiita na pombe yenu sinywi. Akanambia, "Mgeni ni mgeni. Utasimama pale utakapo, na pembe lako la kunywea litatiwa maji ya tufaha." Nikampenda papo hapo.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo nilipowaaibisha nyote.

Katikati ya malisho wamezungusha kamba nyekundu juu ya vijiti. Ndani ya kamba ndipo ibada inapokuwa, na Heike alikuwa kanieleza njiani, kwa sauti ya mwalimu: neno likisemwa ndani ya kamba halifutiki, na hapana anayeruhusiwa kuingia na ugomvi. Bernd anasimama mlangoni, anamuuliza kila mtu kwa sauti wote wasikie, "Umekuja kwa amani na kila aliyemo humu?" Unajibu ndiyo, unapita.

Watu wakajipanga. Wanajibu, wanapita, wanajibu, wanapita, kama uwanja wa ndege uliokwenda vizuri. Heike akajibu, akapita. Waliobaki nyuma yangu hawafiki kumi. Bernd akaniinamia, akauliza kwa Kiingereza ili nifahamu: nimekuja kwa amani na kila aliyemo humu?

Wallahi ulimi uligoma. Mie mtoto wa Bi Shariffa, nilolelewa kuwa kiapo ni kiapo hata ukiapishwa na asiye wa dini yako, nisimame mbele ya watu nitie uongo?

"Hapana," nikasema.

Bernd akadhani sikufahamu. Akauliza tena, polepole.

"Nimefahamu. Hapana."

Watu wakageuka. Nyuma yangu mtu akakohoa. Bernd alikuwa na karatasi mkononi, akaitazama, akaigeuza upande wa pili, na pale pia hapakuwa na jawabu. Akaniuliza ugomvi wangu na nani. Nikamuoneshea Heike kwa kidole.

Heike uso ulimuiva. "Rayya! Sema ndiyo. Ni maneno ya mlangoni tu."

"Wewe ndiye uliyenambia humu maneno hayafutiki."

"Si wakati wake huu!"

"Wakati wake ulikuwa jana, ukanambia khabari za viazi!"

Tunapigiana kelele kwa Kiswahili, huku na huku ya kamba, na Wajerumani sitini wanatutazama kama wanaotazama tenisi. Bernd akasema neno moja kwa Kijerumani. Heike akajibu kwa ukali. Bernd akalisema tena, kwa upole, na akanyanyua kamba.

Sheria yao ndiyo hiyo. Aliye nje hawezi kuingia na ugomvi, na aliye ndani hawezi kubaki nao. Heike akatoka. Alikuwa na hasira ya kumchemsha mtu, na mie nikafahamu nimefanya nini. Ule ndio mkusanyiko aliokuwa akiungoja mwaka mzima alitaje jina la mumewe, na mie nimemtoa nje.

Nje ya kamba

Tukakaa juu ya gogo lililoanguka, yeye ncha ile, mie ncha hii.

"Umeniaibisha," akasema.

"Najua."

"Mbele ya watu wangu."

"Najua, Heike. Nimekuja kukuomba radhi kwa lile nililosema la masanamu. Nilikutukana nyumbani kwako, na wewe ulikuwa umeniamini. Nnajuta. Nimejuta miaka saba."

Akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Hilo! Hilo mama yangu mzazi aliniambia, tena kwa maneno mabaya zaidi. Hilo nilikusamehe kabla ya chakula cha usiku."

Nikamuuliza, "Sasa nini?"

"Bakuli."

Akasema hilo neno tu, na mie nikafahamu.

Nyinyi mnajua, sina haja ya kuwafunza. Bakuli la jirani halirudi tupu. Huna kitu, utatia ndimu mbili. Huna ndimu, utatia chumvi kiganja. Miaka kumi na moja mabakuli yetu yalipita juu ya ukuta ule na halikupita tupu hata moja. Heike alijifunza vizuri kuliko watoto wangu. Hata siku aliyokuwa na homa alirudisha sahani yangu na yai moja la kuchemsha. Na wiki ile ya ugomvi nilikuwa na bakuli lake la kioo. Nikalirudisha kwa mkono wa msichana wangu wa kazi, limeoshwa, limefutwa, linang'ara, tupu.

"Nilisahau," nikamwambia. "Nilikuwa na hasira, sikufikiri."

Akanigeukia. "Wewe? Usahau bakuli?"

Akanitazama kwa yale macho yake ya kijivu, hayapepesi. Kule kwenye kamba watu wamesimama wanatungoja. Hapana aliyekaa, hapana aliyelalamika. Mvuke wa viazi ulikuwa unapanda kutoka kwenye masufuria.

"Sikusahau," nikasema. "Nilikuwa na sinia la sambusa mbele yangu, zimetoka motoni sasa hivi. Nilichukua moja nikataka kuitia. Nikairudisha. Nilijua utafahamu. Nilitaka uumie."

Sijapata kusema jambo gumu kama lile maishani mwangu. Kumwambia Hilal namtaka kulikuwa rahisi zaidi.

Heike mabega yakamshuka, kama mtu aliyetuliwa ndoo kichwani. "Jürgen alikutetea mpaka anakufa," akasema. "Kila mara ananambia, kasahau, Heike, mtu anasahau, bakuli tu hilo. Mie najua hukusahau. Nikajiona nimekuwa mwendawazimu, mwanamke mzima nalilia bakuli. Miaka saba nilitaka mtu aniambie sikuwa mwendawazimu."

"Hukuwa mwendawazimu. Mie nilikuwa mbaya."

"Ulikuwa mbaya sana."

"Sana."

Akavuta makamasi. "Sambusa za nini?"

"Za nyama."

"Za nyama! Na bizari ile yako?"

"Na bizari ile."

"Mshenzi wewe. Ulizila?"

"Hata moja haikupita kooni. Hilal alikula zote akaugua tumbo."

Akaanza kucheka, na ule mcheko wa Heike mnaujua, anacheka kwa pua. Nikamsogelea, akanishika kichwa na taji langu la maua, tukalia palepale juu ya gogo, vikongwe viwili, na Bernd kwa mbali anafuta macho kwa ndevu zake bila ya kujua neno hata moja tulilosema.

"Nimekusamehe, shoga," Heike akasema. "Simama sasa, watu wana njaa."

Tukarudi kwenye kamba. Bernd akatuuliza sote wawili pamoja. Tukajibu ndiyo.

Ndani

Nimeona, na nitawaambia nilichokiona, mwenye kununa na anune. Walipowaita miungu yao nilisimama pembeni nimefunga mikono, nasoma zangu. Waliwasha moto, jua bado liko juu, na wakaliimbia jua kwa namna ambayo sikujua maneno lakini nilijua furaha yake. Kisha pembe la ng'ombe likaanza kupita mkono kwa mkono. Anayelishika humtaja marehemu wake, husema jambo moja juu yake, na watu wote huliitikia jina. Mwanamume mmoja alimtaja mtoto wake. Binti mmoja alimtaja bibi yake aliyempenda kuliko mama. Hapo mashoga zangu hapakuwa na la kuogopa. Nilikuwa kama nimekaa matangani kwetu, kila mtu na msiba wake.

Pembe likamfikia Heike. Akalishika kwa mikono miwili. Akafungua mdomo.

Jina halikutoka.

Akafunga, akafungua tena. Pembe likamuelemea upande, kinywaji kikamwagikia viatu. Nikaona ndio lile la mwaka jana linarudi. Hapana aliyemhimiza. Akanigeukia.

"Rayya," akasema. "Hawa hawamjui. Anza wewe. Waambie alikuwaje."

Bernd akanipa pembe la maji ya tufaha. Sikunywa, nililishika tu. Nikasema kwa Kiswahili, na Heike akawa anatafsiri, sentensi kwa sentensi, sauti inamkwaruza.

Nikawaambia: siku moja mama yangu alianguka ghorofani, mguu ukavunjika. Wanaume wote kazini. Nikapiga kelele, na Jürgen akaruka ukuta na suruali fupi, akampakia mama mgongoni. Mama yangu alikuwa mtu mzito, na tangu kuzaliwa hajaguswa na mwanamume asiye wake. Basi akavua kiatu. Ngazi kumi na saba, na kila ngazi alimtandika nacho mgongoni, pa, pa, pa, na anamlaani kwa lugha mbili. Jürgen akamshusha garini taratibu, akamuwekea mto chini ya mguu. Halafu akageuka, akainama, akamuonesha mgongo, akanambia, "Muulize mama kama kamaliza. Kama bado, aendelee, mie sina haraka."

Heike alipolitafsiri lile la mwisho watu waliangua kicheko, yule mwanamume aliyemtaja mtoto wake akacheka na machozi yake, na Bernd akajipiga paja. Nikamtazama Heike. Alikuwa anacheka kwa pua.

"Alikuwa na alama wiki nzima," akawaambia mwenyewe, kwa Kijerumani, na mie nikafahamu maana alijipapasa mgongo. Akavuta pumzi. Akanyanyua pembe juu mpaka jua likapita ndani ya ncha yake.

"Jürgen," akasema.

"Jürgen," wakaitikia watu sitini ambao hawakumuona hata siku moja. Heike alikuwa kasimama wima, kashika pembe kwa mkono mmoja, na mkono wa pili kanishika mie.